Kuhusu zile projekta za shoo yenu

Mambo vipi rafiki yangu,

Plani ya shoo ya waliofukuzwa kwenye nyumba nimeisoma yote na nimeipenda sana, ila kuna sehemu moja imenikosesha raha, pale mama anaposimulia vitu vyao vilivyotupwa nje nyie mmeweka video nyuma yake inakimbia tu, na unajua macho ya watu yanafata kinachocheza na kinachong'aa, hata mama aseme maneno mazito vipi. Hapo mtakuwa mmempoteza.

Unamjua Wodiczko, yule msanii mzaliwa wa Poland? Mwaka 2001 kule Tijuana, Meksiko, wanawake wa viwandani walivaa kifaa kichwani chenye kamera na maiki, sura zao zikarushwa laivu kwenye kuba la kituo cha utamaduni, watu wako chini uwanjani wanawasikiliza wakieleza manyanyaso ya kazini na ya nyumbani. Yaani mtu ambaye kiwandani hakuna anayemsikiliza, usiku ule sura yake imejaa jengo zima! Mitambo yote pale ilikuwa inamtumikia anayeongea, na ndo hicho nachokitaka kwenye shoo yenu.

Mi ningezima video kabisa mama akianza kuongea. Kabla ya hapo wekeni ile notisi ya kuhama, imesimama tuli, kubwa, mhuri unaonekana, siku alizopewa zinaonekana, watu waisome wenyewe kimyakimya na yeye kasimama hapo pembeni. Piscator, yule mwongozaji wa michezo ya jukwaani wa Ujerumani, kule Berlin 1925 alichanganya filamu halisi za vita na waigizaji, na mi naona nguvu yake ilikuwa hapo, picha inaleta ushahidi, mtu wa jukwaani anabaki mtu.

Halafu zile sura za majirani, mmewauliza? Sio kuwauliza juu juu, waonyesheni picha yenyewe ikiwa kwenye skrini ndo wakubali au wakatae, maana kuna wenye kesi bado, na mtu mmoja akirekodi na simu kesho mwenye nyumba anayo. Anayekataa tumieni mikono yake au sauti tu. Na maandishi ya viziwi yawe karibu na uso wa anayeongea, sio huko juu kwenye kona.

Nitumie mchoro wa taa, nataka kuona projekta ya pembeni itakaa wapi, ikimpiga mama machoni hataona watu anaowaambia.