Msibandike Kilatini kwenye Kiojibwe

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya lugha za dunia ilidai kwamba Kiojibwe, cha huko kwenye Maziwa Makuu ya Marekani na Kanada, kina viambishi tamati "kama vya Kilatini tu". Makosa ya gazeti huwa nayapita kimya. Hili wanafunzi wameanza kulinakili.

Kilatini husema femina virum videt, mwanamke anamwona mwanamume. Hiyo -um ndiyo inayomfanya mwanamume awe yambwa, yaani mtendwa. Panga maneno utakavyo, maana haitikisiki. Ukitaka mwanamume ndiye aone, geuza miisho ya majina: feminam vir videt. Kitenzi kinabaki vilevile.

Sasa Kiojibwe: ikwe owaabamaan ininiwan, mwanamke anamwona mwanamume. Mwandishi wenu kaona -wan pale mwishoni, akarukia kuwa ndiyo -um ya Warumi. Basi atufafanulie hii: ikwe owaabamigoon ininiwan. Majina ni yaleyale, herufi kwa herufi, lakini anayeona sasa ni mwanamume! Kilichogeuka ni kitenzi: imetoka -aa-, imeingia -igoo-. Ile -wan haisemi nani katendwa. Inasema kwamba kati ya hawa wawili wa nafsi ya tatu, huyu ni wa pembeni, na asiye na kiambishi ndiye tunayemzungumzia. Wa pembeni aweza kutenda, aweza kutendwa. Kilatini hakina kitu hicho hata kwa dawa. Tena -an, ileile iliyomo ndani ya -wan, ikikaa kwenye jiimaan, mtumbwi, huleta wingi, jiimaanan, kwa sababu mtumbwi uko ngeli ya visivyo hai. Jiwe, asin, liko kwa wenye uhai, na wingi wake ni asiniig. Kama mlikuwa na kiu ya kufananisha, mngechukua -ng ya mahali: jiimaaning ni mtumbwini. Hapo Mswahili haelewi kwa nini apitie Roma.

Na nani aliyefuta ritifaa? Waakaa'igan, nyumba, mmeichapa "wakaigan". Ritifaa ile ni konsonanti kamili, na aa ni irabu ndefu. Mkichapa "ngombe" simu zenu hazipumui. Sarufi ya Kiojibwe ya padri Frederic Baraga ilitoka Detroit mwaka 1850, kwa hiyo vitabu havijakosekana.

Jumapili ijayo zichapeni zile sentensi mbili za ikwe, moja juu ya nyingine, kwenye safu ya nyota za bahati. Makala yenyewe ilikuwa ramli.

Mwalimu wa isimu,
Morogoro