Habari za Oumou Sangaré zianzie Bamako

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya namna tunavyowaandika wanamuziki wa Afrika Magharibi. Oumou Sangaré wa Mali akitajwa, habari huanza na Beyoncé, ambaye mwaka 2019 alitumia kipande cha wimbo wa zamani wa Oumou, au na tuzo ya Grammy ya 2011 kwa wimbo ambao Oumou alishiriki na mpiga piano Herbie Hancock na wengine. Si uongo. Ila kwa sisi tuliomfahamu tangu enzi za kaseti, habari hiyo imeshikwa mkiani.

Kichwa chake kiko kwa mama. Aminata Diakité alikuwa mwimbaji, na asili yake ni Wassoulou, kusini mwa Mali. Oumou alizaliwa Bamako mwaka 1968. Akiwa bado mdogo kabisa, baba alioa mke mwingine, akahamia Abidjan, akamwachia mama mzigo wa watoto. Binti akawa anauza maji ya mifuko barabarani ili nyumba ipate chakula. Mimi nami nililelewa katika nyumba ya wake wawili, najua mtoto anavyolala macho akisikiliza hatua za baba zinaishia mlango upi. Kibambara, lugha ya Mali, sikijui, lakini siku nilipotafsiriwa maneno ya nyimbo za Oumou niliiweka chini nguo niliyokuwa nashona.

Albamu yake ya kwanza inaitwa Moussolou, yaani "Wanawake". Alikuwa na miaka 21, na aliirekodi Abidjan, mji uleule alikokwenda baba yake. Ina nyimbo 6 tu, lakini kaseti zake ziliuzwa zaidi ya 200,000. Humo ndimo ulimo Diaraby Nene, wimbo uliomfikia Beyoncé miaka 30 baadaye. Ndani yake mwanamke kijana anasema hadharani jinsi mwili unavyomtetemeka kwa mapenzi, jambo ambalo katika Mali ya wakati ule halikutamkwa mbele ya wakubwa. Ukikisikia kile kipande bila kujua hayo, umepata mdundo, umekosa neno.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wetu hulipita, nalo ndilo linaloeleza ujasiri wake. Watu wengi humwita yeyote anayeimba Mali "griot". Huko kwao griot, yaani jeli, ni mwimbaji wa ukoo: anazaliwa ndani ya kazi, anazijua nasaba za wakubwa, anawasifu, nao wanamtunza kama tunavyowatunza waimbaji wetu wa taarab. Wassoulou haiko hivyo. Mwimbaji wa kule huitwa kono, ndege. Anaimba kwa kuwa amejaliwa sauti, na hana tajiri aliyemrithi ambaye ni lazima amsifu. Hata chombo kinachoongoza nyimbo za Oumou, kamale ngoni, maana yake ni ngoni ya vijana; ngoni ni chombo cha nyuzi. Vijana waliiga ngoni ya wawindaji, iliyokuwa na heshima na miiko yake, wakaifanya ya kuchezea ngoma zao, na wazee hawakufurahi. Binti wa mke aliyeachwa hakukosa mahali pa kusimama.

Akasimama hapo akataja uke wenza, akataja kuozwa kwa lazima, akataja ukeketaji. Mwaka 1996 akatoa Worotan, "kola kumi", ndizo kokwa za kola, za kutafuna, wanazomposea binti. Anauliza ni kwa bei gani mtoto wa watu anageuzwa mtumwa katika nyumba ya mume. Aliyaimba hayo kwa lugha ya wanawake wa sokoni, wakamwelewa siku hiyohiyo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walipomfanya balozi wao mwema mwaka 2003, kazi alikuwa ameshaifanya miaka mingi.

Tena hakuhama. Wenzake wengi walipata makazi Paris, na siwalaumu, lakini yeye fedha zake alizipeleka nyumbani: hoteli Bamako, shamba, biashara ya magari kutoka China yaliyobeba jina la Oum Sang, na tamasha la muziki kule Yanfolila, Wassoulou. Kwa mwanamke anayewaambia wenzake wasiishi kwa kumtegemea mume, hiyo hoteli naihesabu kama wimbo.

Sasa nije kwetu Arusha. Mwaka 2009 Bunge la Mali lilipitisha sheria mpya ya familia iliyompa mke haki zaidi. Maelfu ya watu wakajaa uwanja wa Bamako kuipinga, Rais Amadou Toumani Touré akairudisha bungeni, na mwaka 2011 ikatoka nyingine: msichana aolewe akiwa na miaka 16, mvulana 18, na mke amtii mume. Mashirika mawili ya haki yakaileta kesi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo mji huu huu. Mei 2018 mahakama ikaamua kwamba Mali imekiuka Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake, kwa umri wa kuolewa, kwa ridhaa ya waoanaji na kwa mirathi. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyapigia kelele binti muuza maji. Yalijadiliwa hapa, tunapopita na daladala kila siku, na sikumbuki kusikia redio yoyote ya hapa ikipiga wimbo wake hata mmoja wiki ile.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mtafuteni mtu anayekijua Kibambara, muzichape kwa Kiswahili nyimbo zote 6 za Moussolou, hata wimbo mmoja kila Jumapili. Wateja wangu husoma gazeti lako wakisubiri kupimwa nguo, na wengi wao ni wake wenza.

Mama mshonaji,
Arusha