Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafundi Nguo wa Connemara, magharibi mwa Ireland

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi tumezitia kwenye madaftari ya shule. Kati ya 1937 na 1939, watoto wapatao 50,000 wa shule za msingi katika kaunti 26 za Ireland waliwauliza wazee wao habari za kale na kuziandika katika madaftari hayo. Mojawapo ya mada walizopewa ilikuwa nguo zilizoshonwa kijijini. Jioni za baridi tulikaa pamoja tukisomeana kurasa za kwetu.

Fundi wa zamani mara nyingi hakuwa na duka. Alizunguka nyumba kwa nyumba na mkasi wake, subana na pasi. Alipofika aliketi juu ya meza, miguu ameikunja, akala na kulala hapo hapo mpaka nguo za familia zikamilike. Kitambaa alikikuta tayari: kondoo ni wa nyumbani, wanawake wamesokota sufu, mfumaji jirani amefuma jora. Báinín, sufu nyeupe isiyotiwa rangi, ilikuwa ya koti la mwanamume. Sketi za wanawake zilikuwa nyekundu. Rangi ya kahawia ilitokana na ukoga unaoota juu ya mawe, uliochemshwa. Hata mifuko ya unga ilishonwa mashati. Na kwa kuwa fundi alikuja na habari za vijiji vingine, usiku majirani walijaa kumsikiliza.

Lililonigusa zaidi ni desturi ya nguo za marehemu: jamaa yake alizivaa kwenda misa Jumapili tatu mfululizo.

Hata hivyo, kurasa tulizosoma zinatuambia fundi alikuwa nani na aliketi wapi. Alivyokata kitambaa hazisemi. Mtoto angejuaje? Ujuzi huo ulikuwa mkononi. Nasi tumerudia pengo lile lile: mama mmoja mzee, fundi wa kwetu, ambaye bado anakata koti la báinín kwa chaki tu bila kuchora kwenye karatasi, tulimrekodi akisimulia miezi mingi kabla ya kumwomba ashike mkasi. Mimi ndiye niliyepanga ratiba hiyo, na ninaomba radhi.

Hesabu atazisoma mweka hazina; hatudaiwi na mtu.

Kamati inapendekeza vijana wawili wakae naye kila Jumamosi, wakate na kufumua mpaka koti likae begani. Kitambaa kitanunuliwa na chama. Mama amekubali, ila anataka waje na mikasi yao wenyewe. Daftari la kujiandikisha liko mezani, karibu na mlango.

Mwenyekiti