Barua ya wazi kwa Seneta John Thune: sisi wa kampuni nani atatulipa?

Washington, Novemba 6, 2025

Mheshimiwa Seneta,

Nafanya usafi katika jengo moja la serikali kuu hapa Washington, zamu ya jioni. Tangu Oktoba 1, Bunge liliposhindwa kupitisha fedha za serikali na shughuli zake zikasimama, jengo limefungwa na kitambulisho changu hakifungui mlango. Meseji ya msimamizi ilikuwa fupi: kaeni nyumbani, tutawaita. Leo ni siku ya 37. Hata zile siku 35 serikali ilizofungwa mwishoni mwa 2018 hadi 2019 zimeshapitwa.

Sikuandikii kuamua nani mkosaji. Chama chako cha Republican, unachokiongoza katika Seneti, kina viti 53 kati ya 100; muswada wa kuipa serikali fedha za muda unahitaji kura 60. Wademokrat hawatoi zao mpaka ruzuku za bima ya afya zinazokwisha Desemba ziongezewe muda. Nyinyi mnasema serikali ifunguliwe kwanza. Mmepiga kura ileile zaidi ya mara kumi, jibu lilelile. (Mishahara yenu inalindwa na Katiba, hiyo haina mgogoro.)

Langu ni hili. Mwenye meza ninayoifuta alirudishwa nyumbani siku moja na mimi. Yeye ana sheria ya 2019, inayosema mtumishi wa serikali atalipwa malimbikizo yake mambo yakitengemaa. Mimi nimeajiriwa na kampuni yenye mkataba na serikali, sheria hiyo hainihusu. Haimhusu pia mama wa kantini. Mwenye meza atapata mshahara wake wa Oktoba. Oktoba yetu ndiyo imekwenda na maji. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule wa 2019: wafanya usafi walirudi wakakuta vumbi la zaidi ya mwezi, wakalifuta, na zile wiki tano hakuna aliyezilipa. Mwenye nyumba naye haulizi wewe ni mtumishi au wa kampuni. Anataka kodi yake.

Seneta Tina Smith wa Minnesota amekuwa akipeleka muswada wa kutulipa tangu 2019. Najua si wa chama chako, lakini ratiba ya Seneti unaipanga wewe. Siku mtakapokubaliana, na mtakubaliana tu, mtakuwa na haraka ya kupitisha muswada wa kufungua serikali. Wekeni humo kifungu kinachotutaja: wafagizi, walinzi, wapishi, tulipwe zile siku tulizozuiwa kuingia kazini.

Ni mimi,
Mfanyakazi wa usafi, Washington