Manjano hayavumilii jua

Mhariri,

Ukurasa wenu wa kazi za mikono uliwashauri wanaojifunza kutia rangi uzi waanze na manjano, kile kiungo cha jikoni, kwa kuwa ni rahisi. Rahisi ni kweli. Ila hamkusema kwamba rangi yake haivumilii jua. Kitita changu cha kwanza cha sufu nilikitundika dirishani kikiwaka kama kiini cha yai. Wiki mbili baadaye upande wa nje ulikuwa umepauka kama gazeti kuukuu.

Afadhali maganda makavu ya vitunguu. Nachemsha maganda yenye uzito sawa na uzi, nachuja, kisha natumbukiza sufu niliyokwisha kuiloweka kwenye maji moto ya shabu, ile chumvi ya mawe meupe, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za uzi mkavu. Shabu ndiyo inayofanya rangi ishike. Maji yasitokote, wala usikorogekoroge. Mimi nilikoroga, nikaopoa bonge gumu ambalo leo nashikia sufuria.

Na huko kusokota mlikosema mtu anajua kwa jioni moja, hapana jamani. Kijiti changu cha kusokotea kilidondoka sakafuni usiku kucha. Uzi ulitoka mnene kama mnyoo hapa, mwembamba kama unywele pale. Kosa langu lilikuwa kuruhusu msokoto kupanda hadi kwenye sufu ambayo sijaivuta ikawa nyembamba. Sasa nabana kwa vidole, navuta kwanza, ndipo naachia msokoto upite.

Mkirudia makala hiyo, tafadhali tajeni shabu.

Msomaji wenu, mwenye vidole vya njano