Risala ya akina mama tulioacha unga (heroini), Kibirizi, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, wauguzi, wazazi na majirani mlioacha shughuli za mwaloni kuja kutusikiliza, shikamooni na karibuni.

Sisi ni akina mama 11. Wengi wetu tuliondoka hapa kwa treni tukiwa wasichana, kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi za ndani, na unga tulikutana nao huko. Siku hizi tunaanika dagaa na kupika sabuni ya mawese. Dagaa mtakaokula mchana ni wetu, hatukununua.

Risala nyingi huanza na mtaji. Yetu inaanza na mimba.

Mwanamke anayetumia unga akipata mimba, kila mtu humwambia: acha leo hii, mwonee huruma mtoto. Wanasema kwa nia njema, lakini ni hatari. Akikata ghafla, arosto, yale maumivu ya mwili kukosa unga, haimtesi yeye peke yake. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa njiti. Tiba ipo, methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga na kutuliza arosto, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Hunywewa kila siku, mara nyingi mbele ya mhudumu, na mjamzito huendelea nayo. Mtoto akizaliwa anaweza kutetemeka na kulialia, lakini hutibika, na kwa kawaida mama aliyetulia kwenye dozi hunyonyesha.

Mwenzetu mmoja alitaka kuja kujifungulia kwa mama yake hapa, mtoto wa kwanza. Dozi iko Dar, na reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Akabaki. Mama ndiye aliyepanda treni, na kidumu cha mawese mkononi. Mtoto mwenyewe ndiye huyo anayevuta waya wa kipaza sauti, mtusamehe.

Mwingine alisema ukweli wake kliniki ya wajawazito. Mhudumu akaurudia kwa sauti, foleni nzima ikageuka. Hakurudi mpaka uchungu uliposhika.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza si fedha. Tunaomba mjamzito wa aina yetu aulizwe faraghani, mlango umefungwa, na aelekezwe kwenye tiba kabla hajaacha unga ghafla mwenyewe.

Fomu za mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake, tumeshajaza. Tunataka vichanja vya kuanikia, maana dagaa wa mchangani mvua ikinyesha ni hasara tupu. Anayezipitia fomu hizo asitafute humo sura zetu za zamani.

Tunaomba kuwasilisha.