Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2023

Wanachama wenzangu, hamjambo. Mwaka huu stori kubwa ilikuwa ya korti. Mambo ya pesa mweka hazina atawasomea, maana ndiye anayeyajua.

Tarehe 24 Februari Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema bodi ya NGO, ile iliyokuwa ikisajili mashirika, ilikosea kumkatalia mwenzetu Eric Gitari kusajili shirika la kutetea haki za gay na lesbian. Majaji watatu, Mwilu, Wanjala na Njoki Ndung'u, upande wetu, wawili, Ibrahim na Ouko, wakapinga. Na mkumbuke hii kesi yote ilianzia kwa fomu tu ya kuomba jina la shirika, bodi ikaona gay na lesbian ikasema hapana, eti sheria ya jinai hairuhusi, basi ndio ngazi zikaanza kupandwa, Mahakama Kuu 2015 tukashinda, Rufaa 2019 tukashinda, mpaka Februari hii. Karibu miaka kumi kwa ajili ya jina jamani! Mbunge Kaluma akarudi kuomba hukumu iangaliwe upya, Septemba akagonga mwamba.

Sasa tangu siku ile simu yangu hailali, wengine mnauliza harusi lini. Tulieni. Hukumu ni ya haki ya kuunda chama, kifungu 36 cha katiba, basi. Ile 162 ya sheria ya jinai, inayotumika kutukataza mapenzi yetu, yenye kifungo cha miaka 14, bado ipo, Mahakama Kuu iliiacha Mei 2019 na rufaa haijaisha. Na ndoa, katiba yenyewe kifungu 45 imesema ni haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, jaji hata atupende vipi hana pa kushika. Wenzetu wa Afrika Kusini walishinda kesi ya ndoa, ya Fourie, 2005, lakini katiba yao iliwataja waziwazi tangu mwanzo, yetu haijatutaja, ni vile tu majaji wamesema orodha ya kifungu 27(4), ya mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo, haijafungwa.

Mimi naona tutumie kwanza tulichonacho. Mahakama ya Rufaa kule Mombasa 2018, kesi ya wale wawili wa Kwale, ilishasema kumpima mtu sehemu ya nyuma kwa lazima, kutafuta ushahidi wa ushoga, ni kuvunja katiba, na bado kuna wanachama hawajui. Ukishikwa polisi wakataka kukupeleka hosi kupimwa, kataa, taja hiyo kesi, omba wakili.

Wale mliofukuzwa nyumba baada ya Februari, poleni sana, muoneni katibu.

Mwisho, kamati imekubaliana tupeleke fomu yetu ya usajili Januari na jina letu zima bila kulificha. Tunahitaji watu wa kusaini kama viongozi. Anayeogopea kazi yake asisaini, hakuna atakayemlaumu.